Sahani ya Saba

Katika mji ule wa viazisukari, vile viazi vinavyosindikwa kuwa sukari, kila mlezi wa watoto alikuwa na mtoto wake wa kuzungushwa. Hakuna aliyelisema hadharani, ila kila mtu alilijua, kama watu wanavyojua nani mlevi na nani hasemezani na mkewe. Leseni ya kaunti ilimruhusu mlezi kukaa na watoto sita nyumbani kwake, na mji ulikuwa na watoto wengi kuliko nafasi. Basi walezi walichukua wa saba, wengine wa nane, na mkaguzi alipoonekana akiingia mjini, simu zililia nyumba hadi nyumba. "Mkate umeiva," husema anayepiga. Hapo yule aliyezidi huvalishwa koti, akapakiwa garini, akazungushwa mashambani mpaka mkaguzi amalize kuhesabu na kushika njia yake.

Marlys Tollefsrud alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka ishirini, na mumewe Duane, mstaafu wa ghala la nafaka, ndiye aliyekuwa dereva wa magendo. Mpango wa serikali wa chakula cha watoto ulimrudishia Marlys gharama ya kila sahani, mradi iwe na nyama, nafaka, mboga, tunda na bilauri ya maziwa, na mradi wanaokula wasizidi sita. Sahani ya wa saba aliijaza kwa fedha zake, wala hakuona uchungu. Mwanamke huyu hakuwa bahili. Alikuwa mwoga tu, kama mji mzima.

Linnea alikuja Oktoba, wakati wa mavuno. Viazisukari lazima vitoke ardhini kabla udongo haujaganda, kwa hiyo malori hayalali, na kila anayejua kushika usukani huitwa. Marlys alikuwa kituo cha mafuta akijaza gari lake pale lori lilipoegeshwa kando, matope hadi kwenye vioo, na ndani akaona mtoto wa miaka minne amefungwa mkanda, amelala kichwa kimening'inia. Aliyekuwa akiendesha ni Krystal Nygaard, binti wa pale pale mjini, aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake.

"We Krystal, huyo mtoto anafanya nini humo?"

"Ni utingo wangu," Krystal akasema, akijaribu kucheka. Kicheko kikamshinda. "Nimepiga simu kila nyumba, mama. Wote wamejaa. Hata wewe uliniambia umejaa."

"Anashinda humo kutwa nzima?"

"Saa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Jana alibanwa na mkojo, na nyuma yangu foleni ya malori inanipigia honi. Nikamwambia ajikojolee hapo hapo." Krystal akajifuta uso kwa mkono wenye matope. "Mama gani anamwambia mwanawe hivyo?"

"Mama mwenye foleni nyuma yake. Nipe mimi huyo mtoto."

"Si umejaa?"

"Nimejaa, ndiyo. Nipe."

Hivyo ndivyo Linnea alivyopata nafasi ambayo haikuwapo. Na mwezi ule, kwa bahati mbaya, wakaguzi waliandamana kama nzi. Alikuja wa kaunti kutazama vizima-moto, akarudi tena kutazama uzio. Mara zote mbili simu ililia, na mara zote mbili Linnea alikula mkate na jibini ndani ya gari la Duane, wakitazama treni za nafaka zikipita. Duane alisema mtoto hana taabu, hata halii.

Siku moja baada ya usingizi wa mchana, watoto walikuwa wakicheza mchezo wa nyumba ya Bibi Marlys. Linnea ndiye aliyekuwa Bibi. Alitandika kitambaa sakafuni, akawaketisha midoli kukizunguka, akawagawia vifuniko vya chupa kuwa sahani. Mdoli mmoja, sungura wa kitambaa, alimtia ndani ya sanduku la viatu na kumsukumia chini ya kochi.

"Na huyo mbona unamficha?" Marlys akauliza, huku akikunja blanketi.

"Huyu ni wa kuzidi, Bibi."

"Kwani amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa." Linnea akamtazama kama anayemshangaa mtu mzima asiyejua mambo. "Ni wa kuzidi tu. Atakula garini."

Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayesema hiki ni chekundu na kile ni cha bluu. Marlys akaenda jikoni, akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke bure. Alishikwa na aibu, kisha akashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomfaa zaidi. Yeye, aliyejisifu miaka yote kwamba hakuna mtoto aliyetoka kwake na njaa, alikuwa amemfundisha mtoto wa watu kwamba yeye amezidi duniani.

Alhamisi, saa tano na nusu, simu ikalia. Alikuwa LaVonne Fick wa ng'ambo ya barabara, mlezi mwenzake na shoga yake wa siku nyingi.

"Mkate umeiva, shoga, na leo umeivia kwako. Gari la kijivu limeshakunja kona. Huyu ni wa chakula."

Marlys alipogeuka, Duane alikuwa tayari na funguo mkono mmoja na koti la Linnea mkono wa pili.

"Rudisha hilo koti."

"Eti?"

"Mtoto anakula, Duane. Rudisha koti."

"Mama wee, umepatwa na nini? Unataka tuingie matatani?"

"Matatani tumo siku zote. Leo tutakula nayo mezani."

Kengele ya mlango ilikuwa imeshalia.

Corinne Aldag wa mpango wa chakula alikuwa akija nyumba ile kwa miaka mingi. Alivua viatu mlangoni kama mtu wa nyumbani, akavuta pumzi ndefu. Mezani palikuwa na nyama ya kusaga iliyookwa na maharage mabichi, juu yake viazi vidogo vimekauka vikawa rangi ya dhahabu, na peasi za kopo, na mkate.

"Marlys, harufu hiyo! Natamani ningekuwa na miaka mitatu."

Kisha akaitazama meza. Midomo yake ikacheza kidogo, akihesabu vichwa. Akaanza tena upande wa pili.

"Leo mna mgeni?" akauliza taratibu.

"Hakuna mgeni. Wote wangu."

"Labda mmoja anangoja kuchukuliwa. Mama yake yuko njiani, siyo?"

"Mama yake yuko kwenye lori. Atarudi jioni."

Corinne akaweka kalamu juu ya faili lake. "Sikiliza, mama. Nakwenda kunawa mikono. Mimi nikinawa huwa nakawia. Nikirudi nitahesabu upya, na nitakachokiona ndicho nitakachokiandika." Akaingia msalani, akafunga mlango.

"Umesikia?" Duane akanong'ona. "Binti wa watu ametupa njia."

Kabla Marlys hajajibu, Linnea alikuwa ameshateremka kitini. Hakuna aliyemwambia. Aliweka kijiko kando ya sahani, akaenda mwenyewe hadi kwenye misumari ya makoti, akasimama kwa ncha za vidole kulifikia lake.

Marlys alifika kwa hatua mbili, akamnyanyua mzima mzima, akamrudisha kitini kwake.

"Kaa. Kula."

"Lakini Bibi," Linnea akasema kwa sauti ya chini, "mkate umeiva."

Duane akageuza uso. Zile funguo alizitia mfukoni, akavuta kiti, akaketi karibu na yule mtoto kama mlinzi.

Corinne aliporudi na kuikuta meza vilevile, uso wake ulibadilika. Sasa alikuwa amekasirika kweli.

"Unanilazimisha niandike."

"Ndiyo. Andika."

"Unajua kitakachofuata? Hicho chakula cha leo hakilipwi. Kaunti lazima niwapigie leo leo, na wao wanaweza kuisimamisha leseni. Wakiisimamisha, watoto hawa sita wengine watakwenda wapi kesho? Umewafikiria mama zao? Unawatoa sita kafara kwa ajili ya mmoja!"

Neno hilo lilimchoma Marlys, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Aliwatazama wale wengine. Mmoja alikuwa akichezea peasi kwa kidole. Mwenzake alikuwa na sharubu za maziwa.

"Nimewafikiria," akasema. "Sasa wewe niambie. Huyu mmoja aende wapi?"

"Kuna nafasi mjini."

"Wapi?"

"Marlys, kila mwaka mnatuimbia wimbo huo huo, nafasi hazitoshi, nafasi hazitoshi. Mwaka jana tukaiomba kaunti iruhusu kila mlezi aongeze wawili wakati wa mavuno. Kaunti ikauliza, nani amezidiwa? Tukatazama ripoti zetu. Sita, sita, tano, sita. Hakuna aliyezidiwa hata mmoja! Ombi likatupwa." Corinne akalipiga faili kwa kiganja. "Mlitaka niseme nini?"

Marlys akajikuta ameketi. Waswahili wangemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye, bila kuujua msemo huo, aliufahamu pale pale. Kila mara Duane alipowasha gari, kila mara LaVonne alipopiga simu, walikuwa wakijiandikia wenyewe kwamba hawana shida. Mji mzima ulikuwa ukijitia werevu, kumbe unajikaba koo.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliowaambia zinatosha," akasema polepole. "Miaka ishirini tumekuwa tukiwasaidia kutunyima."

"Sisi? Wewe na nani?"

"Mimi. Ya wenzangu siyasemi, watayasema wenyewe wakipenda. Mimi nina saba. Andika saba, Corinne, na uandike kwa herufi kubwa, maana waliokutuma hawaoni vizuri."

Duane akacheka puani, akajizuia. Corinne hakucheka. Alichukua kalamu.

"Nitahitaji jina la huyo wa saba."

"Linnea Ruth Nygaard," akasema mwenye jina mwenyewe, mdomo umejaa viazi. "Na maziwa yangu yameisha."

Corinne akaandika. Marlys akamimina maziwa.

Gari la kijivu lilipovuka barabara na kusimama kwa LaVonne, simu ililia tena.

"Umesema nini huko?" LaVonne alikuwa akihema. "Mbona ametoka uso umemvimba hivyo?"

"Nimesema nina saba."

"Mungu wangu! Marlys! Na mimi je?"

"Sikukutaja. Nimejitaja mwenyewe."

"Wangu wawili wako garini na Orrin, wanazunguka makaburini huko. Anabisha hodi! Nifanyeje sasa?"

"Hilo siwezi kukuamulia, shoga. Ila wenye faili wanasema mji huu hauna aliyezidiwa. Wamelitoa kwetu neno hilo."

LaVonne akamtukana tusi zito, la kumgusa hadi bibi yake aliyehamia nchi ile kwa meli, akakata simu.

Marlys akasimama dirishani na kitambaa cha vyombo begani. Alijua huenda amempoteza rafiki mchana ule, na likamuuma. Dakika zikapita. Halafu gari la Orrin, mumewe LaVonne, likatokea mwisho wa barabara, likaja bila haraka, likasimama nyuma ya lile la kijivu, na watoto wawili wakateremka na kuingia kwa mlango wa mbele. LaVonne mwenyewe ndiye aliyewashikia mlango. Hakutazama upande wa Marlys, lakini mlango aliufungua wazi.

Kaunti haikukawia. Jioni ile ile bwana mmoja alipiga simu, mwenye sauti ya adabu. Mpaka Jumatatu Marlys awe na sita, na ataje jina la mtoto anayeondoka; la sivyo, leseni inasimama.

Krystal alipofika na viatu vyake vya matope, Duane hakuweza kunyamaza, akamweleza yote. Krystal akasikiliza amesimama mkekani. Alipoelewa, akaenda moja kwa moja kwenye makoti.

"Namchukua. Viatu vyake viko wapi? Mama, ahsante kwa yote. Siwezi kukuharibia riziki yako. Tutabanana kwenye lori, ni siku chache tu."

"Krystal."

"Amezoea. Kweli amezoea."

"Ndiyo maana haondoki." Marlys alishika mkono wa pili wa lile koti, na wanawake wale wawili wakawa wamelishika koti dogo kila mmoja upande wake. "Nimemwambia yule bwana hivi: jina sitaji. Jumatatu aje mwenyewe, aje saa ya chakula. Akitaka wawe sita, achague kwa macho yake, amshike mtoto mkono, amtoe mezani na kijiko chake, wenzake wakitazama. Kazi hiyo nimemfanyia bure miaka ishirini. Sasa aifanye mwenyewe."

"Na wakikufungia?"

"Watanifungia nikiwa na saba, na wataandika saba." Akaliachia koti. "Kesho usije na mkate wa garini. Humu kuna uji wa moto, na kiti chake kipo."