Kidonge na Chai ya Shosho Magdalene

Shosho Magdalene si nyanya yangu wa damu. Nilikuja kwake Kimbo, huku Ruiru, kufanya kazi ya nyumba, nikiwa nimeachia shule darasa la tano, na siku ya kwanza alinipa kikombe cha chai kabla hajaniuliza jina. Mimi ni mtu wa maneno machache. Yeye huongea kwa niaba yetu sote wawili.

Mwaka jana walimtoa tezi ya shingo iliyokuwa na saratani. Alibaki na kovu jembamba ambalo hulifunika kwa leso ya kanisani, na kidonge kimoja cha kila asubuhi, cha maisha. Kidonge hicho kilikuwa kazi yangu. Nyumbani Bungoma mama alinifundisha kwamba dawa haimezwi tumbo likiwa tupu, itakuchoma. Kwa hiyo kila siku niliamka mapema, nikachemsha maziwa ya ng'ombe wa jirani yetu Mutinda mpaka chai ikawa nzito, nikampelekea Shosho kikombe na kidonge pamoja.

"Wewe Nariaka," alizoea kusema, "ungekuwa mwanaume ningekuoa."

Mwezi wa tatu tulienda kliniki Thika. Daktari Musembi alitazama majibu ya damu, akakunja uso.

"Mama, umekuwa ukiruka dawa?"

"Haki ya Mungu, hata siku moja! Uliza huyu msichana wangu."

Daktari alieleza polepole. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayolinda kama askari. Ikiona homoni ya kidonge haitoshi kwenye damu, inatoa homoni nyingine ya kuiamsha tezi ya shingo.

"Yako tulishaitoa. Lakini kama kuna chembe za saratani zilizobaki, hata chache, nazo zinasikia hiyo amri ya kuamka. Ndiyo maana dawa yako tuliiweka juu kidogo, zisiamshwe. Sasa hiyo amri imepanda." Akachukua kalamu. "Itabidi tuongeze dozi."

"Moyo utaanza kukimbia tena," Shosho akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata sikuijua. Dozi ilipozidi mara ya kwanza, alitetemeka mpaka akamwaga uji.

Mimi nilikuwa nimeshika bahasha ya dawa. Nilijua kusoma ile "1x1", kimoja mara moja kwa siku. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo mwaka mzima niliona haya kumuuliza mtu.

"Daktari," nikasema, nikiangalia viatu vyangu. "Hapa wameandika nini?"

"Ameze na maji, tumbo tupu. Angoje saa moja ndiyo ale."

"Mimi humpa na chai. Ya maziwa mengi." Machozi yalikuwa yameanza. "Usimwongezee. Ni mimi nimekosa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Maziwa hushika hii dawa tumboni, haifiki yote kwenye damu. Basi hatuongezi kitu. Mpe na maji, mrudi baada ya wiki sita tupime tena."

Tulitembea mpaka stejini. Hapo Shosho akanishika mkono.

"Atiriri! Kumbe uko na mdomo?"

"Ningekuua, Shosho."

"Na chai tamu namna hiyo? Nyamaza, mami. Umeongea mbele ya daktari kwa ajili yangu. Lakini sikia: hutakunywa yako mapema nikikuangalia. Tutangoja pamoja."

Baada ya wiki sita, ile homoni ya kuamsha ilikuwa imeshuka mpaka pale daktari alipotaka. Dozi haikuguswa.

Siku hizi asubuhi Shosho humeza kidonge na maji, halafu tunakaa jikoni, sufuria ya maziwa mbele yetu, jiko halijawashwa.

"Saa imeisha?"

"Bado dakika kumi na mbili, Shosho."

"Hiyo saa yako ni ya Bungoma. Ya Ruiru imeisha kitambo."

Nacheka, lakini kiberiti kiko mfukoni mwangu.