Euphrosine wa Pili

Jumatano Kwaresima ingeanza, na Kwaresima ikishaanza hakuna wa kufunga ndoa mpaka Pasaka ipite. Rose-Aimée Ouellet, mwalimu wa shule ya kijiji, hakuweza kuingoja Pasaka. Tumboni mwake mlikuwa na kiumbe kisichojua kusubiri, na waliojua ni yeye na mchumba wake Adélard, basi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangazo la pili la ndoa lilipokwisha kusomwa kanisani, Shangazi Zoé, dada wa baba yake, alimfuata Padri Lavertu akamnong'oneza kuwa hao ni ndugu: Euphrosine, bibi yake Adélard, alikuwa dada wa babu yake Rose-Aimée. Nao wajukuu wa ndugu hawaoani bila ruhusa ya askofu.

"Upuuzi!" baba yake Rose-Aimée alifoka jikoni. "Shangazi yangu Euphrosine alikufa hata meno hajaota. Wajukuu kawapata wapi, kaburini?"

"Kamuulize padri," Zoé akajibu huku akimenya viazi. "Mie mdomo wangu nimeshaufunga."

"Lini? Tangu uzaliwe hatujauona umefungwa!"

Padri akaamua kitabu cha kanisa kisomwe. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na pale kijijini aliyeweza kusoma mwandiko wa zamani alikuwa bibi harusi mwenyewe. Huko ndiko kumkabidhi fisi bucha. Jumamosi Rose-Aimée akaketi mezani kwa padri, akapekua ubatizo, ndoa na maziko ya watu waliokwisha kusahauliwa na wajukuu zao.

"Huyu hapa!" akasema. "Amezikwa. Euphrosine, mtoto wa miezi mitano." Alitaka kucheka kwa furaha.

"Endelea kugeuza, mwanangu," padri akamwambia. "Wazee wetu hawakutupa jina. Mtoto akifa, anayefuata analirithi. Kwetu walizaliwa akina Magloire watatu, mimi ndiye niliyepona."

Akageuza, kurasa baada ya kurasa, akiomba asikute kitu. Akakikuta. Euphrosine Ouellet, wazazi wale wale. Mama wa ubatizo Sévérine Dubé, wa ng'ambo ya mto. Adélard alikuwa amemsimulia mara nyingi jinsi Sévérine Dubé huyo alivyomchukua bibi yake angali mchanga, akamlea huko ng'ambo kama mwanawe.

"Mbona kimya?"

"Hakuna, Baba Padri. Hakuna Euphrosine mwingine."

"Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mwanafunzi wake aliyekuja bila kazi ya nyumbani.

Padri akavaa koti, akatoka kwenye theluji bila kusema anakokwenda.

Tangazo la tatu likasomwa, na Jumanne asubuhi wakafungishwa ndoa. Baadaye wote wakaingia sakristia, chumba cha nyuma ya altare, padri akaandika, pua ikigusa karatasi. Desturi ni kwamba maandishi ya ndoa husomwa kwa sauti kabla ya sahihi. Akamsogezea Rose-Aimée kitabu.

"Nisomee. Mimi sioni."

Akasoma majina, akasoma mashahidi, kisha ulimi ukakwama. Kwa herufi kubwa zilizopinda padri alikuwa ameandika: kwa ruhusa ya askofu juu ya udugu wao, iliyopokelewa kwa telegramu. Nyuma yake baba alikuwa akikohoa, na Zoé ametega sikio. Angeweza kuuruka mstari huo kama alivyouruka ule wa Jumamosi. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamlenga.

"Soma, mwanangu," padri akarudia, polepole.

Akausoma wote.

"Si nilisema!" Zoé akapiga makofi.

"Nani kaliona hilo kitabuni?" baba akauliza.

"Mimi, baba. Niliona Jumamosi, nikamdanganya padri."

Adélard akamshika kiwiko. Padri akachovya kalamu, akampa bibi harusi, na huyo alipoinama akamnong'oneza sikioni: "Akizaliwa wa kike, jina la Euphrosine liacheni lipumzike."

Hapo ndipo Rose-Aimée alipojua padri alimpa askofu sababu gani ya haraka. Akatia sahihi huku analia.