Kopo la Vifungo

Baba mkwe wangu alikuwa anasikia. Sikuwa na ushahidi, lakini machale yalinicheza kila nilipompa mgongo. Ukimwambia chakula tayari, anageuza shingo na kuuliza "Eh?" mpaka koo likukauke. Lakini siku niliyomnong'oneza mume wangu kwenye simu kwamba sukari imekwisha, mzee alikunywa chai chungu asubuhi yake na hakuuliza kitu. Nani alimwambia?

Daktari wa masikio alishamtoa nta, akampima, akasema masikio yamechoka kwa uzee na dawa yake hakuna. Akampa kifaa cha kumsaidia kusikia, kile kinachokaa nyuma ya sikio na kutumia betri ndogo za duara. Alitusisitizia tuziweke mbali na watoto. Mzee alizichukua mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo kiwandani, na hata baada ya kustaafu aliishi kama mtu anayesubiri kuibiwa. Mpaka sabuni yake aliifungia sandukuni.

Kisha betri zikaanza kupotea, au ndivyo alivyodai. Aliweka kikasha chake kitupu mezani, mbele ya cherehani yangu, akatangaza kwamba kuna mtu humu ndani anataka yeye abaki kiziwi. Kifaa chenyewe, alisema, amekifungia sandukuni kwa kuwa hakina kazi tena. Humu ndani tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na binti yangu wa miaka mitatu, ambaye babu yake humwita "mke wangu". Baba wa mtoto ni dereva wa malori, yuko barabarani muda wote. Kwa hiyo mwizi alishajulikana, hakuhitaji kutajwa. Tangu hapo mzee akawa anavuta kofia yake ya sufi mpaka chini ya masikio, na joto lote lile.

Iliniuma sana, siwezi kuficha. Mimi ndiye niliyempikia na kumfulia, halafu niitwe mwizi wa betri. Jumapili nilimpigia dada yangu nikatapika yote. Nilisema mume wangu akirudi nitamwambia mzee ahamie kwa mwanawe mwingine, nipate kupumua. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Mzee alikuwa kitandani kwake, mlango wazi, anatazama ukuta, wala hakutikisika. Lakini tangu siku hiyo hakunipa tena nguo za kufua. Nikajiuliza anaficha nini.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa namalizia koti la mteja. Binti yangu alikaa miguuni pangu na kopo langu la vifungo, mchezo wake wa kila siku, maana bila kopo hilo hakuna kazi inayofanyika nyumba hii. Mara akaanza kulia na kujikuna pua. Tundu la kushoto lilikuwa linatoa maji meusimeusi yenye harufu mbaya. Nikamlaza mapajani, nikamulika na tochi ya simu. Ndani kabisa kulikuwa na kitu kinang'aa.

Nikashusha pumzi. Kopo lile limejaa vifungo vya makoti vya rangi ya fedha. Nikampigia dada yangu, naye akanicheka kidogo, akasema mwanawe aliwahi kujitia harage puani na wakaenda kulitoa kesho yake. Tukakubaliana nimtie matone ya maji ya chumvi yalainishe, kisha asubuhi nimpeleke kliniki. Niliongea chini chini, maana mtoto alishaanza kusinzia begani.

"Si kifungo."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza halikuwa la mtoto. Nilijiambia, leo nimekukamata.

"Usimtie maji," alisema. "Ni betri yangu. Nilizificha humo koponi."

Zilizobaki alizificha chini kabisa ya vifungo vyangu, kwa hesabu kwamba mwizi hapekui vitu vyake mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuta moja haipo, akanyamaza, akisubiri kunifumania.

Nilimbeba mtoto. Tulitoka mbio, yeye mbele, akasimama katikati ya barabara mpaka teksi ikasimama.

Kliniki, muuguzi alimviringisha mtoto kwenye shuka, mzee akamshika kichwa, daktari akaingiza kikulabu chembamba. Betri ilitoka imeungua upande mmoja. Daktari alimulika akatazama kwa muda mrefu. Ukuta wa katikati ya pua ulikuwa umeungua lakini haujatoboka. Alisema kifungo kingeweza kusubiri mpaka asubuhi. Betri inakula nyama kwa saa chache, na maji ya chumvi yangeiharakisha. Kesho angekuta tundu lisiloziba. Akauliza nani aliyeigundua.

"Babu yake," nikasema. "Alisikia."

Tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri dawa ya kupaka. Mzee akavua kofia. Kifaa kilikuwa pale pale nyuma ya sikio. Akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu, bado kina joto lake.

"Ukitaka kuongea na dada yako," alisema, "kichukue kwanza."

Nilimrudishia sikioni mwenyewe, na ilinichukua muda. Kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, "Ya Jumapili niliyasema kwa hasira, Baba. Lakini niliyasema."

"Najua." Akampokea mtoto aliyelala, akamweka kifuani. "Nguo zangu ziko sandukuni tangu siku ile."

"Tukifika nyumbani zitoe," nikamwambia. "Nizifue."