Mabati ya Ghorofa ya Kwanza

Kosa la Mwalimu Selina lilikuwa kufungua madirisha. Kwao Ruangwa ukifungua dirisha huingia upepo na, ukiwa huna bahati, kuku. Hapa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, ukifungua dirisha umefungua mdomo, na mtaa mzima unasikia ulichosema.

Alikuwa na miezi miwili katika chekechea ile, juu ya duka la vitambaa la Mama Harshida. Alikuta watoto ishirini na wawili, feni moja marehemu, na hamu yake mwenyewe ya kuwafundisha muziki. Ala hakuwa nazo, akaokota makopo ya rangi, masinia mabovu na vipande vya bati. Ngoma ya kweli angeileta Kitwana, fundi ngoma wa kwao, aliyekubali kuja kila Jumatano kwa malipo ya chai na kumtazama mwalimu. Selina alijua anatazamwa, akajifanya hajui. Mwanamke wa namna hiyo hula sahani mbili kwa kijiko kimoja.

Jumatano hiyo ya kwanza, saa tatu na robo, Kitwana hajatokea. Selina akampigia simu. Kitwana akasema amefika Kariakoo, amekwama kwenye msongamano wa watu.

"Kimbia basi," Selina akamwambia. "Watoto wameshanishinda."

Kwa joto la siku hiyo akafungua madirisha kwa mara ya kwanza, akawaketisha duara, akawapa vijiti na sharti moja: wapige pamoja, na asiache mtu mpaka wasikie makofi. Mtoto wa miaka mitano ukimruhusu apige bati, huna haja ya kumwambia mara mbili.

Sasa kuna jambo Selina hakuambiwa, naye hakuuliza. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa na mapatano yao. Mwizi akitokea hawapigi mayowe, maana mayowe Kariakoo ni sawa na kumwaga maji baharini. Aliyeibiwa hupiga mlango wake wa bati, jirani anapokea, na yeyote anayekimbia bati likilia, ndiye huyo. Duniani hakuna kesi fupi kama hiyo.

Na Kitwana alikuwa anakimbia. Begani kiroba, ndani ya kiroba kitu kikubwa cha mviringo.

Mchukuzi mmoja alimtegea mguu. Wa pili akamkanyaga shingo. Kitwana alifungua mdomo ataje jina lake, likatangulia jino. Muuza mchele akaja na jiwe la mizani la kilo mbili, akampima nalo kisogoni. Magazeti huwaita hao wananchi wenye hasira kali, kama vile hasira wametoka nayo nyumbani, kumbe wengine walikuwa wanakunywa supu dakika moja kabla.

Selina, dirishani, alidhani mtu kagongwa na gari. Kisha akaliona shati la njano la Kitwana. Alishuka ngazi akaacha kiatu kimoja, na nyuma yake watoto wakiendelea kutwanga kwa utiifu.

Alipenya kwa kucha na meno, akajitupa juu ya Kitwana. Mateke yakahamia mbavuni kwake. Akasema huyu ni mwalimu wa watoto. Mmoja akajibu kwamba hata yeye ni askofu. Mbele yao alisimama Beno, muuza vyombo, baba yake Joyceline wa darasani kwake, mtu wa kumsalimia kila asubuhi kwa adabu zote. Ameshika nondo. Alimtazama Selina machoni, asimwone. Nondo ikashuka kwenye mkono wa kulia wa Kitwana, ulioshikilia kiroba. Vidole vilivunjika kama makopa ya muhogo.

Kisha ikaja chupa ya petroli, na watu wakapisha.

Hapo ndipo Selina aliposikia vizuri. Juu, mabati yanalia. Kila pigo linaita watu wa mtaa mwingine, na yeyote anayefika anataka zamu yake. Akiinuka kwenda kuwanyamazisha watoto, Kitwana atawashwa kabla hajaigusa ngazi. Akibaki, wataendelea kuja.

Mama Harshida alikuwa nyuma ya mlango wake ulioshushwa nusu. Tangu masomo ya makopo yaanze, yeye na Selina hawakuwa wanasalimiana, na ngazi zile hakuwa amezipanda tangu mumewe, Harilal, afariki, kwa sababu ya magoti.

"Mama, nakuomba," Selina akasema. "Panda juu, uwapigie makofi watoto."

Mama Harshida akaitazama chupa. Akatoweka.

Petroli ilimwagika ya baridi mgongoni mwa Selina. Njiti ya kwanza ikavunjika, njiti za siku hizi nazo. Ya pili ikazimwa na upepo. Mwenye kiberiti alikuwa anatoa ya tatu, mabati yakapungua, likabaki moja kaidi, nalo likanyamaza.

Mapatano yalisema bati likinyamaza, aliyeibiwa anakuja kutaja chake. Wakamngoja. Hakuja mtu.

"Nani kaibiwa?" akauliza mzee mmoja.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake. Mama Harshida akachungulia kwenye dirisha la juu, anahema, kopo la rangi mkononi.

"Bati lilikuwa la huku," akasema. "Watoto wanajifunza muziki. Mnayemchoma ni mwalimu wao."

Jiwe la mizani lilirudi mizanini. Umati wa kuua huja na miguu elfu, lakini wakati wa kutoa ushahidi hukuti hata kandambili.

Selina alimpeleka Kitwana hospitali kwa bajaji, kichwa chake mapajani. Daktari alisema ataishi. Vidole viwili vilikatwa, na vitatu vilivyobaki hakuviahidi kitu.

Saa sita alirudi, ananuka petroli, kukabidhi watoto kwa wazazi, maana Mama Harshida alikuwa peke yake nao. Beno alikuja kwa wakati, kama kawaida yake. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwikoni. Viatu alisahau.

"Baba, umesikia tulivyopiga?" Joyceline akamrukia.

"Nimesikia."

Mtoto akamgeukia mwalimu, akauliza yule fundi wa ngoma mbona hakuja, na atakuja lini.

"Muulize baba yako," Selina akasema, akasimama mlangoni asubiri jibu.