Kigugumizi cha Mwana-Kondoo

Itimad alikuwa mama wa mwisho kukubali, na hata alipokubali, moyo wake haukukubali.

"Hao wengine huyo Zuheir wako awanase sauti mpaka wachoke," alisema, amesimama mlangoni mwa chumba cha kufundishia, mikono yake bado inanuka kamba aliowamenya kutwa nzima kiwandani. "Wangu hapana. Bi Batul, wewe unajua. Huyu ndiyo kwanza kinywa kinafunguka."

Bi Batul alijua kuliko wote. Ghizlan, binti wa Itimad, alifika kwenye chuo chake cha Kurani mjini Tetuani bila neno hata moja. Hakuwa bubu. Alikuwa na kigugumizi, na kwa kuwa watoto wa mtaani walimcheka, akaona afadhali anyamaze. Mwaka mzima alikaa pembeni mwa mkeka amekumbatia ubao wake. Bi Batul hakumlazimisha. Alimweka karibu na goti lake, akawa anampigapiga mgongoni taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto alale, herufi moja pigo moja, mpaka siku moja mtoto akatoa alifu. Kisha bee. Sasa alikuwa amefika khee, anang'ang'ana na kharuf, yaani mwana-kondoo, neno la kujifunzia herufi hiyo, na kila akilimaliza neno uso wake hung'aa kama aliyevuka mto.

"Itimad, mwanangu, Zuheir si mtu wa njiani," Bi Batul alisema. "Nimemnyonyesha kwa ziwa hili. Mama yake alipofariki katika uzazi, mimi nami nilikuwa nimetoka kumzika wangu, maziwa yananimwagikia kifuani. Mungu alichukua huku, akaleta huku. Ni mwanangu kwa sheria ya Mungu. Namdhamini."

"Na hizo sauti atazipeleka wapi?"

"Haendi nazo popote. Chombo chake cha kufundishia herufi kinajifunza tu namna watoto wanavyotamka. Kikishajua, zinafutwa. Kaniambia kwa kinywa chake: 'Mama, ni kama unavyoosha mbao zako.'"

Hapo Itimad akazitazama mbao zilizoegemezwa ukutani. Hakuna asiyejua mbao za chuo zinavyooshwa. Maneno ya Mungu hayapanguswi kwa tambara likatupwa. Watoto huziosha juu ya beseni safi, wakazipaka udongo mweupe, na maji yale Bi Batul huyabeba mwenyewe akayamwaga kwenye shina la mzabibu, mahali pasipokanyagwa na mguu wa mtu. Hakibaki kitu, wala hakidharauliwi kitu.

"Haya," Itimad alisema mwishowe. "Lakini ni kwa uso wako wewe. Si kwa uso wake."

Zuheir alikuja kutoka Tanja, mji anakofanyia kazi, amevaa viatu vyeupe pe, akavivua mlangoni kwa adabu kama alivyofunzwa, akambusu mama yake wa ziwa kichwani, kisha mkononi. Jirani, Bi Fatna, ambaye hakuna mgeni aliyepita mtaa ule bila yeye kumkagua, alichungulia.

"Mwanao kanenepa, Batul! Huko Tanja wanakula nini, mito?"

"Hii ni mikate yako, shangazi," Zuheir alimjibu akijipiga tumbo. "Tangu utoto wangu haijateremka."

Wakacheka wote. Kijana alikuwa na ulimi mtamu, na Bi Batul alijivunia ulimi ule kama vile yeye ndiye aliyeutia sukari.

Akapanga kadi juu ya mkeka, kila kadi na herufi yake, akainua kishikwambi. Kwenye kioo chumba kilikuwa kilekile, mkeka uleule, watoto walewale na kamasi zao. Ila juu ya kadi ya jimu alisimama jamal, ngamia mdogo. Akajinyoosha, akatembea katikati ya mbao za watoto, akiinua miguu asizikanyage. Ukiondoa kioo, hakuna ngamia. Ukikirudisha, yupo, anatafuna. Mtoto mmoja alipitisha mkono nyuma ya kioo amshike nundu, akashika hewa, akacheka mpaka akalala chali.

"Subhanallah," alinong'ona Bi Batul.

"Mtoto akitamka sawasawa, mnyama anasogea," Zuheir alieleza. "Ndiyo maana nataka sauti zao, mama. Vyombo hivi vimefunzwa kwa sauti za watu wazima. Mtoto akisema, haviambulii kitu."

"Na anayechelewa kusema?"

"Huyo ndiye namtaka zaidi. Lazima chombo kijifunze kungoja."

Neno hilo lilimwingia Bi Batul. Chombo kinachojifunza kungoja! Walimu wangapi hawakujifunza hilo mpaka wakafa? Akamwita Ghizlan, akamweka pajani, akaanza kumpigapiga mgongoni, na Zuheir akasogeza kinasa sauti karibu na mdomo wa mtoto.

"Kh... kh... kh..."

Juu ya kadi, mwana-kondoo mweupe aliinua kichwa. Akangoja. Mtoto akajaribu tena, na mnyama akainua sikio moja. Neno lilipotoka zima, mwana-kondoo akaruka juu kwa miguu yote minne. Ghizlan akacheka, kicheko kisicho na kigugumizi hata chembe, akasema, "T... tena."

Alirudia mpaka adhana ikawatenganisha.

Zuheir akarudi Tanja. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye ikawa Ijumaa moja moja. Kisha ikawa anapiga Bi Batul, na simu inaita mpaka inachoka. Alimtafutia udhuru, kama mama yeyote: kijana ana kazi, kijana amechoka.

Asubuhi moja Bi Batul alikuwa kwenye tanuri la mtaa, kwenye foleni ya kuoka mikate, pamoja na wanawake na watoto waliobeba vyano vyao vya mikate vichwani. Mbele yake Bi Fatna alikuwa akilalamikia bei ya unga. Ghafla ikasikika sauti:

"Kh... kh... kh..."

Watoto wakapasuka kwa kicheko.

Binti wa muuza samli alikuwa ameinua simu ya mama yake juu ya chano cha unga. Kwenye kioo, juu ya donge lililofunikwa kitambaa, alisimama mwana-kondoo mweupe. Alifungua kinywa. "Kh... kh..." Macho yakamzunguka. Ulimi ukamtoka, ukajifunga fundo. "Kh... kh..." Nyota zikamtoka kichwani, akaanguka chali, miguu juu, akitetemeka.

Sauti ilikuwa ya Ghizlan. Na nyuma ya sauti, kwa mbali, kilisikika kitu kingine kinachogonga polepole: pu, pu, pu. Bi Batul aliusikia akaujua. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, mgongoni mwa mtoto.

"Ehee, Batul, kumbe na mkono wako umo!" Bi Fatna alisema akicheka, kabla hajautazama uso wa mwenzake. Alipoutazama, akaacha.

Ghizlan alikuwa mlangoni mwa tanuri, ameshika chano cha mama yake. Wenzake wakamgeukia. "Kharuf! Kharuf! Sema, kharuf!" Mtoto hakulia. Alikiweka chano chini, mikate ikateleza juu ya vumbi, jambo ambalo hata mwendawazimu wa mtaa ule halifanyi na mkate, akaondoka zake akitembea, hakukimbia. Bi Batul aliinama, akauokota mkate mmoja mmoja, akaubusu na kuupangusa. Mwoka mikate akatoka ndani kumsaidia.

Tangu siku hiyo Ghizlan hakutamka neno, si chuoni, si kwao. Kisha hakuja chuoni kabisa. Itimad hakuja kugomba. Angekuja akapiga kelele mlangoni, Bi Batul angepumua. Wengine ndio waliosema, na walisema kisimani, sokoni, hamamuni: Batul kauza sauti za watoto wa watu. Mkekani yakaanza kuonekana mapengo ya watoto.

Zuheir alipokea simu mwishowe. "Usikasirike, mama. Nakuja mwenyewe nikueleze."

Alikuja Ijumaa, baada ya swala, amebeba boksi kubwa kifuani. Bi Batul alikuwa uani ametoka kuoga, nywele zake za mvi ameziachia jua lizikaushe. Hakuinuka.

"Mama, Tanja yote inamtaka mwana-kondoo. Skuli zinatupigia simu. Hujui tumefika wapi!"

"Sauti ya nani ile?"

"Mama, nisikilize kwan..."

"Nimekuuliza, Zuheir. Sauti ya nani?"

"Ya Ghizlan. Lakini hakuna anayejua."

"Tanuri zima linajua."

Zuheir akaliweka boksi chini. "Tulileta mtu mzima aige kigugumizi. Hakuchekesha. Ile ya kweli ndiyo iliyoshika watu. Wenzangu wa kazini wakasema hii isiguswe. Watoto wanacheka, mama, na anayecheka anajifunza."

"Na anayechekwa, yeye anajifunza nini?"

Kijana akalisogeza boksi karibu na miguu ya Bi Batul.

"Uliniambia zitaoshwa kama mbao."

"Zile za kufundishia chombo tulizifuta, wallahi. Hii moja tu ndiyo iliyobaki."

"Basi ioshe leo. Hapa hapa, mbele yangu."

"Leo haiwezekani. Imeshaingia kwenye simu za watu. Na wenzangu hawatakubali, ndiyo inayopendwa kuliko zote." Akapiga magoti, akalifungua boksi. "Tazama, nimekuletea vishikwambi vya chumba chako, vipya vyote. Na mwezi ujao nataka uje Tanja, usimame na mimi jukwaani, watu wamwone mama aliyenilea."

Bi Batul aliutazama utosi wa kijana aliyekuwa akihangaika na plastiki. Aliujua utosi ule tangu ulipokuwa laini, unapwita.

"Siku ile ulipomshikia kinasa sauti mdomoni," alisema, "ulikuwa unajua kwamba itabaki?"

Zuheir akatazama vigae vya uani. "Nilijua huenda ikabaki. Sikujua itachekwa hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia usingekubali."

Alilisema taratibu, kama mtu anayetoa hoja yenye akili, na hilo ndilo lililomkata Bi Batul. Alikuwa ametayarisha moyo kumsikia akisema nimeteleza, au wenzangu wamenizunguka. Kumbe alimpima. Alijua mama yake angesimama wapi, akapita upande wa pili, na kupitia kwake akaifikia milango ya wale akina mama wote.

Bi Batul akavuta mtandio uliokuwa umetandazwa kwenye kamba. Akajifunika kichwa, akazisukuma nywele zote ndani hata zile zilizochungulia masikioni, akaubana chini ya kidevu, kama afanyavyo anapobisha hodi msoma mita.

Zuheir alimtazama kinywa wazi. Tangu ajitambue hajawahi kumwona mama yule amejifunika mbele yake ndani ya nyumba.

"Mama. Unajifunika mimi?"

"Sheria ya Mungu imekufanya mwanangu, na mimi si wa kuitengua. Nikifa una haki ya kunishusha kaburini. Lakini leo humu ndani ameingia mtu baki, na nimemsikia anavyozungumza."

"Nisamehe. Nakuomba, nisamehe."

"Mimi ni nani wa kukusamehe? Wenye kusamehe ni Itimad na binti yake, wanakaa juu ya duka la mkaa. Nenda kwa miguu yako, uchukue hicho chombo chako, ukafute mbele ya mtoto aone."

Zuheir alifuta macho. Kisha, pengine bila kujua, akatazama saa ya simu yake. "Wiki ijayo, mama. Inshallah."

Bi Batul akalifunga boksi, akalinyanyua, akampakatisha. "Usisahau mzigo wako," alisema.

Alasiri hiyohiyo alikwenda dukani, akanunua pia ya sukari, lile donge refu lenye ncha lililofungwa kwa karatasi ya buluu, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kwao, mtu akikosa hupeleka sukari. Mwenye kusamehe huivunja papo hapo kwa nyundo ndogo, ikatiwa kwenye buli la chai ya nanaa. Asiyesamehe humrudishia mwenyewe mlangoni. Watu waliokaa vibarazani waliiona karatasi ya buluu, wakasogeza miguu kumpisha, wala hawakumuuliza aendako.

Itimad alifungua mlango, akamtazama, akamtazama tena na sukari yake, akampisha. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani zilionekana nyayo mbili ndogo, hazisogei.

"Sikuja kwa ajili yake," Bi Batul alisema. "Nimekuja kwa ajili yangu. Ulisema unakubali kwa uso wangu."

"Nilisema."

"Nikakudhaminia nisichokijua. Nilimjua mtoto. Mtu mzima sikumjua."

Itimad akakaa, akafuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. "Unajua kinachoniuma? Si ule mzaha. Mzaha utapita, watoto watapata mwingine wa kumcheka. Ni mkono wako. Anausikia mkono wako unampigapiga, halafu watu wanacheka. Sasa hata mimi mama yake nikimgusa mgongo, anaruka."

Bi Batul aliutazama mkono wake. Ile ndiyo ilikuwa dawa pekee aliyokuwa nayo kwa mtoto yule.

"Ataifuta?" Itimad aliuliza.

"Kasema wiki ijayo."

"Unamwamini?"

Bi Batul alizitazama zile nyayo nyuma ya pazia. "Hapana," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo juu ya Zuheir kwa sauti.

Itimad aliipokea pia ya sukari. Aliigeuza mikononi, akainuka, akaiweka juu ya kabati, bado imefungwa karatasi yake.

"Iache hapo," alisema. "Sikurudishii. Ila bado sijui, Bi Batul."

"Haya, mwanangu. Ni haki yako."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Alipofika chini alijifanya anatengeneza kiatu, akasimama akatega sikio juu. Alisikia maji ya bomba, kisha kigoda kikiburutwa sakafuni, kisha mlango. Nyundo hakuisikia.