Benchi ya Bakubwa

Kama kuko kintu ninachukia mu Nchelenge yote, huku Zambia, ni ile benchi ya mbao mbele ya mulango ya daktari ya bakubwa. Inanuka jasho, inanuka tumbaku ya kunusa, inanuka kikohozi ya batu.

Miye ni Fidélie. Ugonjwa ya viungo ilinikamata ningali mutoto, tukingali Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Magoti, vidole, shingo. Batu banasema ni ugonjwa ya bazee. Wacha baseme! Tulipohamia huku, sister Febby, muuguzi wa kliniki ya batoto, alikuwa ananipokea asubui na mapema, wakati mwili yangu imekauka kabisa. Anakamata goti, anasikia moto yake, ananipa dawa ya mwezi, basi. Na dawa ile nilikuwa natembea, naanika chisense na mama ku muchanga, ile samaki kidogo-kidogo ya ziwa yetu.

Kisha nikatimiza myaka kumi na munane. Sister Febby akanikumbatia. "Sasa weye mukubwa. Utaenda kwa daktari Goodson, mulango ya pili. Lakini usikose dawa, unasikia? Ukikosa, goti itafunga na haitafunguka tena." Nilifurahi kuitwa mukubwa, mujinga miye.

Kwa bakubwa, mutu anakaa ku benchi vile alifika. Lakini muzee akikuya, kijana anasimama, anamuachia fasi. Kwetu Congo ni vile, kwao Zambia ni vile. Na ku ile mulango bote ni bazee! Nilifika wa kwanza, ninajikokota. Akakuya tate mumoja, muzee wa fimbo. Mama akaniminya: "Simama, heshimu bakubwa." Akakuya mwengine, na mwengine. Nikajikuta chini, nyuma ya bote, mugongo ku ukuta, jua inanichoma. Na jua ikanipasha moto. Vidole ikalegea, magoti ikalegea. Saa daktari ananiita, adhuhuri ilishapita.

"Funga ngumi," Goodson akasema. Nikafunga. "Simama, kaa." Nikasimama, nikakaa. Akaniangalia kama samaki iliyooza.

"Weye, uko muzima. Dawa hii ni ya bagonjwa."

"Daktari, asubui inafunga. Sasa imefunguka."

Akacheka. "Ugonjwa yako inaangalia saa?"

Na mama yangu, yee mwenye ananibeba asubui kunipeleka choo, akainamisha kichwa: "Asante, daktari." Asante ya nini? Ptu! Nilitaka kumutapikia viatu, ile Goodson na viatu yake ya kung'aa.

Mwezi uliofuata, ni vile vile. Benchi, bazee, jua, ngumi, asante. Nikarudi mikono mitupu. Goti ya kushoto ikaanza kuvimba. Asubui moja ikakataa kunyooka mupaka saa ya kula. Nikaogopa sana. Nikakumbuka maneno ya sister Febby.

Mwezi wa tatu nikamwambia mama anipeleke na kinga, baiskeli yetu, mbele ya jua kutoka. Nikakaa ku kichwa ya benchi, mwili ingali imefunga. Akakuya Mama Léonie, shemasi wa kanisa yetu, munene, na mafuta yake ya marashi inaingia mupaka kooni.

"Fidélie, simama nikae."

"Sisimame."

Benchi yote ikafyonya. "Batoto ya Congo! Adabu iko wapi?" Mama akaona haya mupaka machozi. "Unanivua nguo mbele ya batu!" Akanikamata mukono moja, Mama Léonie ingine, bakanivuta. Nikalia kilio ambayo ilitoa daktari ndani ya chumba yake.

Akatukuta hivi: bamama babili bananiinua juu, na magoti yangu imebaki imekunjwa, kama ningali nimekaa.

"Muachieni!"

Akapiga goti ku sakafu, na suruali yake safi. Akasikia moto. Akajaribu kufungua vidole yangu, ikakataa. Kisha: "Hii ni tangu lini?"

"Daktari, mutoto yangu..." mama akaanza.

"Namuuliza yeye."

"Asubui yote," nikasema. "Nilikuambia. Ulicheka."

Alinipa dawa siku ile, akaagiza niingie wa kwanza kila mwezi, hata kama bazee bamejaa ku benchi. Vidole ilifunguka, goti ya kuume pia. Ya kushoto ilikuwa imengoja sana. Haikunyooka tena.

Sasa siku ya Mungu nikiingia kanisani na fimbo yangu, Mama Léonie anasimama mbio, na unene wake wote, ananiachia fasi yake. Ninakaa. Asante siseme.