Kompyuta ya Baba Imegoma Kuwaka

Mimi fundi yeyote simwamini. Kabla sijampa Zuleha kompyuta ya marehemu baba, nilipaka kila skrubu rangi ya kucha nyekundu, ili akibadilisha kitu ndani nijue. Halafu nikavuta kiti nikakaa hapohapo dukani kwake Ngarenaro, macho kodo.

"Dada Nalepo, utachoka," akaniambia.

"Nichoke tu. Fanya kazi."

Lakini niliyemshuku hasa alikuwa Fanuel, mdogo wangu wa tumbo moja. Kabla hajafariki, baba alirekodi sauti yake kwenye kompyuta hii akigawa shamba letu la Oldonyo Sambu. Chumbani walikuwa yeye na Fanuel tu. Akasema isisikilizwe mpaka kikao cha ukoo, na kikao chenyewe ni kesho. Bila sauti ile, baba mdogo ameshasema, mtoto wa kike hapati hata tuta moja.

Sasa sikia. Juzi Fanuel akaiazima, eti anaiwekea mfumo mpya wa kutunza mafaili, sauti ya baba isije ikaharibika. Jioni akairudisha imezimwa. Naiwasha, giza tupu, na mstari mmoja wa Kiingereza kwamba haitambui mfumo wa mafaili. Weee! Nilimpigia simu nikamporomoshea matusi, spika iko wazi, mama na baba mdogo wanasikia. Mwizi mkubwa wewe, umeifuta!

"Sijafuta, dada," akasema, akakata.

Zuleha akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kupitia hiyo, akawa anasoma yaliyoandikwa kwenye skrini. Sikungoja amalize.

"Kaifuta, si ndiyo?"

"Hakuna kilichofutwa." Akanieleza kwamba kuna kiprogramu kidogo kinaitwa Grub, ndicho kinachoamka kwanza na kuiamsha Linux, programu kuu inayoendesha kompyuta hii. Fanuel alibadilisha mfumo wa mafaili, lakini Grub akaiacha ileile ya zamani, isiyoujua mfumo huo mpya. "Ni kama umeweka kitasa kipya ukabaki na ufunguo wa zamani. Na hakuiwasha tena kujaribu. Wengi hukosea hapo."

"Mbona unamtetea? Mnajuana?"

"Simjui hata kwa sura!" Akacheka, akaweka Grub mpya, akachomoa flashi, akawasha.

Picha ya baba na ng'ombe wake ikatokea. Faili lipo. Nisubiri kikao? Nani, mimi? Nikabonyeza.

Kikohozi cha baba kwanza. Kisha: "Upande wa juu, wenye mfereji, ni wa Fanuel."

Nilijua! Ndipo nikasikia sauti ya Fanuel.

"Hapana, baba. Huo mpe dada Nalepo. Mimi nitachukua kule kwenye mawe. Usipotamka mwenyewe, baba mdogo hatamwachia kitu."

Baba akakohoa tena. "Haya. Wa Nalepo."

Nililia mle dukani bila aibu. Zuleha akanisogezea tishu.

Nikampigia Fanuel. Iliita mpaka nikadhani hapokei, ndipo akapokea.

"Imewaka?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Imewaka."

"Afadhali. Kesho waisikilize. Ila mimi siji, dada. Siwezi kukaa mbele ya baba mdogo, kakusikia ukiniita mwizi."

Akakata kabla sijasema samahani. Nikaikumbatia kompyuta, sikukagua skrubu hata moja, nikatoka kumfuata kwake Terrat.